Mpira wa Kumtupia Mkwe

Mimi ni mtu wa kelele. Nalisema hili mapema ili msomaji asije kulalamika kuwa sikumwonya. Miaka ile nilipokuwa nikifundisha kriketi katika chuo cha ualimu, nje kidogo ya Mji Mkongwe, sauti yangu ilikuwa ikisikika mpaka barabarani, na wapita njia walikuwa wakisimama kuulizana kuna ugomvi gani. Hakukuwa na ugomvi wowote. Mtu kadaka mpira vizuri, basi, nami nimefurahi. Na akiuachia, nilikuwa nikivua kofia yangu ya viua, ile ya kudariziwa vitundu, nikaitupa chini, kisha nikaiokota na kuipangusa kwa aibu, maana aliyeishona ni mama yangu.

Kazi yenyewe niliipata bila ya kuiomba. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Baada ya Mapinduzi walimu wengi wa zamani waliondoka, kila aliyebaki akatwishwa mzigo wa mwenzake, na siku moja katika mkutano wa walimu mkuu wa chuo akauliza ni nani aliyewahi kucheza kriketi alipokuwa shule. Nikanyoosha mkono. Nilidhani anataka kujua tu. Jioni ile ile nikakabidhiwa ufunguo wa stoo. Ndani mlikuwa na magongo machache, glavu zilizoliwa na panya, mipira miwili ya ngozi nyekundu, migumu kama jiwe, na mkeka wa makumbi ya nazi uliooza upande mmoja. Nikatoka na gongo mkononi nikaanza kulizungusha hewani peke yangu mbele ya jiko la chuo. Wapishi wakanicheka mpaka wakaacha sufuria zikaungua. Wallahi sijapata kufurahi vile kwa kupewa kazi ya ziada isiyo na malipo.

Kwa asiyeujua mchezo huu nitaeleza mara moja, kisha sirudii. Mtu anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa chini. Wa upande wa pili anamtupia mpira, udunde mbele yake, akijaribu kuviangusha vile vijiti. Mwenye gongo anaupiga aupeleke mbali, na wakati wenzake yule mtupaji wanaukimbilia, yeye na mwenziwe mmoja mwenye gongo aliyesimama upande wa pili wanakimbia wakipishana baina ya vijiti vya huku na vya kule, na kila mbio moja inahesabiwa. Vijiti vikianguka, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa ardhi, huyo katoka, na anaingia mwingine. Wakishatoka wote, upande wa pili nao unashika magongo. Wenye mbio nyingi ndio walioshinda. Hayo tu.

Na kwetu mpira haukudundishwa juu ya majani. Ardhi yetu ni mawe na mchanga, kwa hiyo katikati ya uwanja hutandikwa mkeka wa kamba za makumbi. Wa kwetu ulikuwa umekwisha. Wanafunzi waliotoka Makunduchi wakapeleka maombi kwa mama zao na shangazi zao, na baada ya muda ukaja mkeka mpya umekunjwa juu ya gari la ng'ombe, mzito, umesukwa kweli kweli. Wale mabibi waliambiwa mkeka, hawakuambiwa mpira. Wakasuka kitu cha kudumu, mafundo yake makubwa kama kokwa za embe. Mpira ukigonga fundo unaruka unakotaka wenyewe. Mwalimu mwingine angesikitika. Mimi nilipouona mpira wa kwanza ukidunda na kukata kona nilipiga ukelele, nikajua Mwenyezi Mungu katupa silaha.

Silaha nyingine ilikuwa kijana mmoja wa huko huko Makunduchi, mrefu, mpole, ambaye hata akiitwa darasani aliitika "Naam" kwa sauti ya mtu aliye msikitini. Nilimgundua siku moja kunguru walipovamia nguo zilizoanikwa nyuma ya bweni. Aliokota kokoto, akatupa, kunguru akaporomoka chini. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema utoto wake wote aliupitisha shambani kwa mama yake akiwafukuza kima wasile mazao. Kima wa kusini ni wajanja, na mkono wake ulikuwa umefundishwa na wao. Tatizo lilikuwa moja: alitupa kwa kukunja kiwiko, na katika kriketi mkono wa mtupaji sharti unyooke. Basi nikamfunga rula mbili za mbao kwenye kiwiko kwa kitambaa, afanye mazoezi hivyo. Alikuwa akizisahau. Akaingia nazo chumba cha kulia, mkono haufiki kinywani, wenzake wakamlisha matonge kama bwana harusi.

Miezi ikapita, mkono ukanyooka. Na ukaja na kasi ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto wangu. Mpira ulikuwa ukilia hewani. Nilikuwa sipati usingizi kwa furaha.

Lakini timu ni watu kumi na mmoja, na wale kumi wengine, Mungu awahifadhi, walikuwa bado wanajifunza upande upi wa gongo ni wa mbele. Tulishindwa na kila mtu. Tulishindwa na shule za sekondari. Tulishindwa na mabaharia wa meli iliyotia nanga kwa siku mbili tu. Na wakati huo chakula kilikuwa cha shida, mchele ni wa foleni, na mkuu wa chuo alikuwa na matumbo ya vijana mia kadhaa ya kuyafikiria. Hakuwa mtu mbaya. Ila kila alipoutazama uwanja wangu, alikuwa haoni uwanja.

"Maalim," akaniambia siku moja tukiwa tumesimama pembeni, "eneo lote lile, na watu wamesimama tu. Hawafanyi kitu. Muhogo ungeshafika kimo hiki."

"Hawasimami, Mkuu. Wanalinda."

"Wanalinda nini?"

Nikaanza kumweleza, akaninyooshea kiganja ninyamaze. "Hebu nambie, mshawahi kumshinda mtu?"

Nikasema bado.

"Basi nnakupa mechi moja. Mkishinda, uwanja wenu. Mkishindwa, Jumatatu tunapanda muhogo. Na wewe utashika jembe la kwanza."

Nilirudi nyumbani. Nikakaa nikawaza ni nani tunayeweza kumshinda, nikafurahi peke yangu kwa ujanja wangu: wazee! Mjini palikuwa na timu ya wazee, makarani wastaafu na wenye maduka, waliokuwa wakicheza pamoja tangu ujana wao. Magoti yao mabovu, nikajiambia, macho yao yamechoka. Nikamwendea nahodha wao, karani mstaafu wa forodha, mzee mrefu wa mjini hasa, mwenye suruali nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya samli. Akakubali pale pale, tena akanishukuru. Tukapatana Jumapili.

Jumapili hiyo chuo kizima kilikuwa uwanjani. Wasichana walikaa upande wa mivinje na kanga zao, wavulana walipanda juu ya ukuta, na mkuu wa chuo aliletewa kiti, akakaa mikono kifuani. Vijana wangu walitangulia kupiga. Sijui walikula nini asubuhi ile. Mpira ulikwenda! Kijana mmoja kutoka Chwaka, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kudaka nyuma ya vijiti, aliupeleka mpaka ukutani, watu wakaruka chini kama embe mbivu. Mpaka tunamaliza tulikuwa na mbio sabini na moja. Hatukuwa tumewahi kufika hapo. Nilikuwa sina sauti na mchezo umefika nusu tu.

Wakaingia wazee. Kijana wangu wa Makunduchi akashika mpira, akarudi nyuma, akaja. Kijiti cha katikati kikang'oka kikaruka. Mzee wa kwanza alitazama nyuma yake kana kwamba kaibiwa. Akaja wa pili, mpira ukagonga fundo, ukamkwepa, ukaangusha vijiti. Akaja wa tatu, akaupiga ukapaa, wa Chwaka akaudaka. Nilikuwa narukaruka pembeni, nikimshika mkono mtu yeyote aliye karibu. Nilimshika hata mkuu wa chuo. Muhogo wao, nikasema moyoni, wakaupande baharini.

Ndipo akaingia nahodha wao, yule karani wa forodha.

Kijana wangu alikuwa anarudi nyuma kujiandaa. Akageuka, akamwona mbele ya vijiti. Akasimama. Kisha akainamisha kichwa, akaja taratibu, hatua za mtu anayeingia kwa wenyewe, na mpira ukamtoka mkononi mlaini, ukadunda kwa adabu mbele ya mzee, kama anayemkaribisha mtu kikombe cha chai. Mzee akaupiga mpaka kwenye mivinje. Nikafikiri mkono umeteleza. Ukaja wa pili, ule ule. Mzee akaupiga mpaka barabarani. Na wa tatu.

"Unafanya nini wewe?" nikapiga kelele. "Tupa! Tupa kama jana!"

Hakunitazama. Alipomaliza zamu yake ya mipira sita aliniomba kwa ishara nimpe mwengine mpira, akaenda kusimama mbali kabisa, nyuma ya mivinje, nusu ya mwili umefichwa na mti. Waliotupa badala yake mzee aliwafanya alivyotaka. Mbio zao zikapanda, zikapanda. Kofia yangu ikaenda chini, na safari hii sikuiokota. Nilimwona mkuu wa chuo akimnong'oneza mhasibu wake huku akinyoosha kidole upande mmoja wa uwanja, kisha upande wa pili, anapima. Nilikuwa nataka kulia, na sioni haya kusema.

Ikafika mapumziko ya chai. Nilikuwa nakwenda kumtafuta yule kijana nimpasulie, akanikamata mkono yule wa Chwaka.

"Maalim, usende. Usimpigie kelele, tafadhali."

"Kwa nini nsimpigie? Katuuza!"

"Hakutuuza. Wazee wake wamepeleka posa. Kwa binti wa yule mzee. Jibu halijatoka mpaka leo."

Hasira zote zikaniishia. Binti mwenyewe nilimjua, alikuwa mwanafunzi wetu, na wakati ule alikuwa amekaa chini ya mivinje uso kaufunika wote kwa kanga.

"Na kwa nini hakunambia?"

"Akwambie vipi, Maalim? Wewe ungesema?"

Nisingesema. Mimi mwenyewe, mtu wa kelele kama nilivyo, mkwe wangu nikimwona anakuja sokoni Darajani nilikuwa nikiingia duka lolote lililo karibu. Nimewahi kusimama katika duka la kanga kwa ajili yake, nikijifanya nachagua, mpaka mwenye duka akaniuliza harusi ni lini. Na hapo nshaoa. Sasa huyu kijana, ambaye posa yake bado iko hewani, mtu wa shamba anayeomba mke mjini, namtaka amtupie mkwewe mpira mgumu mbele ya chuo kizima, amwangushie vijiti, amtoe! Hata kima hafanyi hivyo.

Mtupaji mwengine wa kumtoa mzee sikuwa naye. Wazee walihitaji mbio kumi na kitu tu. Nikamtazama mkuu wa chuo anavyokunywa chai kwa raha. Nikautazama uwanja wangu. Na ndipo lilipokuja wazo, likanijia na kicheko chake pamoja, nikaanza kucheka peke yangu. Kwani mtu akiwa na jambo kwa mkwewe, huenda mwenyewe? Haendi. Anampeleka mshenga.

Nikaokota kofia, nikaipangusa, nikaivaa sawa sawa. Nikachukua sahani ya halua na birika ya kahawa kutoka meza yetu, nikavuka uwanja mpaka walipokaa wazee juu ya jamvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Maalim. Karibu. Vijana wako wazuri, ila yule mrefu kaharibika ghafla. Anaumwa?"

Nikavua viatu, nikakaa, nikaweka halua mbele yake. Nikakohoa.

"Mzee, mimi nimetumwa."

Wazee wote wakaacha kutafuna. Neno hilo kwetu lina uzito wake. Mtu hatumii maneno hayo kwa kuomba chumvi.

"Umetumwa na nani?"

"Kijana wako. Anakuheshimu mno, na mbele yako mkono wake umekuwa mzito. Anaomba ruhusa yako, na kabla ya ruhusa anaomba radhi yako, akutupie mpira kama anavyowatupia wengine. Na Mungu akijaalia, akutoe."

Mzee mmoja akapaliwa na kahawa. Wengine wakaangua kicheko. Nahodha hakucheka.

"Kwani ndo yeye? Yule wa Makunduchi?" akauliza. "Wazee wake nshawaona. Yeye sura yake siijui."

"Ndiye, mzee."

Akageuka akatazama mivinje, ambako mtu mrefu alikuwa anajaribu kusimama nyuma ya mti mwembamba. Nikaona shingo yake inapanda rangi.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mipira yote ile nliyoipiga, na watu wananishangiria, na mie najiona bado nimo, ilikuwa ya hisani?"

Nilisukuma sahani ya halua karibu naye kidogo.

"Nisikilize, mshenga. Ruhusa nshampa. Radhi nshampa. Lakini akinitupia tena vile, kama ananipa dawa ya mgonjwa, nnaweka gongo chini nnakwenda zangu nyumbani, na jibu la posa atalijua huko huko."

Nikamkuta kijana nyuma ya mti. Nilipomwambia nilikokuwa, akakaa chini.

"Maalim, umekwenda? Kwa mzee mwenyewe?"

"Nimekwenda, na radhi unayo. Inuka."

"Siwezi kumtazama, Maalim. Wallahi siwezi."

"Nani kakwambia umtazame?" nikamwambia, na mara hii nilisema taratibu, sijui sauti ile niliipata wapi. "Usimtazame yeye. Tazama vijiti."

Akarudi uwanjani kichwa chini. Akapewa mpira. Alirudi nyuma mbali kuliko siku zote, akaja mbio, na nilisikia mpira ukilia. Ukagonga fundo la wale mabibi, ukapita sikioni mwa mzee. Uwanja mzima ukashusha pumzi. Mzee alijishika sikio, akageuka kuutazama mpira ulikokwenda, akasema kwa sauti kubwa, "Ehee! Sasa tunacheza!"

Na alicheza. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimekosea kuyadharau magoti yale. Mpira uliofuata, wa kasi vile vile, aliupiga ukapita juu ya vichwa vya wasichana, na hata wavulana wetu walimpigia makofi. Upande wa pili wenzake walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, maana kijana alipopata nafasi ya kuwatupia wao hakuwa na huruma hata chembe. Akabaki mzee na mwenziwe wa mwisho. Wamebakiza mbio sita. Mzee akapiga, wakakimbia mbili. Akapiga tena, mbili nyingine. Zikabaki mbili tu watushinde. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga na wala sikumbuki nilipigaje.

Kijana akarudi nyuma. Akaja, macho kayapeleka chini, usawa wa vijiti, mkono umenyooka kuliko rula yoyote. Mpira haukugonga fundo wala haukukata kona. Ulikwenda moja kwa moja, mkali, wa haki. Gongo la mzee lilishuka, nalo lilichelewa kidogo mno. Vijiti viwili vikalala, cha tatu kikaruka kikazunguka hewani.

Siwezi kuzieleza kelele zile. Ukuta ulimwaga watu. Walinibeba, wakaniangusha, wakanibeba tena. Wa Chwaka alikuwa analia na kucheka. Wakaanza kumtafuta mtupaji wambebe, hawakumwona. Alikuwa ametoweka. Kwa mbali nikaliona shati lake linaishilizia nyuma ya mabweni, anakimbia kuliko alivyokimbia siku nzima. Timu ikashangilia bila shujaa wake.

Mkuu wa chuo akanifikia katika msongamano ule, akanivuta pembeni.

"Sasa nani kashinda?"

"Sisi, Mkuu. Kwa mbio moja."

Akawatazama wanafunzi wake wanavyorukaruka, wengine juu ya mkeka, wengine juu ya migongo ya wenzao. "Haya," akasema. "Muhogo ntautafutia pahala pengine." Nikamkumbatia, jambo ambalo mwalimu hamfanyii mkuu wake, naye hakukasirika.

Katikati ya uwanja mzee alikuwa bado kasimama pale pale alipotolewa, gongo kaliegemea. Kelele zikaanza kupungua watu walipomwona. Wasichana wakanyanyuka kutoka mivinjeni, wote isipokuwa mmoja. Mzee alikuwa anaangaza huku na huku, uso mmoja baada ya mwingine, na kila kijana aliyetazamwa alijikuta anarudi nyuma. Nikamwendea mbio, nikiogopa kuwa tumemvunjia heshima hata tumevuka mpaka.

"Mwanangu yuko wapi?" akaniuliza. "Mwiteni, nimpe mkono."

Hakusema kijana wa Makunduchi. Hakusema mtupaji wenu. Chini ya mivinje niliiona kanga ikishuka usoni kidogo. Safari hii sikumtuma mtu. Nikavua viatu nikakimbia mwenyewe mpaka mabwenini.